Kuchora samani za ofisi kwa kompyuta: amua kwanza jicho liko wapi

Swali la kwanza la kila anayeanza kuchora samani kwa kompyuta ni hili: nijifunze programu ipi? Jifunze unayoweza kuipata. AutoCAD imekuwapo tangu 1982, SketchUp tangu 2000, FreeCAD ni ya bure, na yoyote kati ya hizo ukishaijengea meza yako itakuonyesha picha yenye kina bila wewe kukokotoa chochote. Kinachobaki juu yako ni kuamua jicho la mtazamaji liko wapi. Hapo nataka ukae muda mrefu kuliko mahali pengine popote katika kazi hii.

Kanuni yenyewe ni fupi. Mistari sambamba inayokwenda mbali nawe huonekana kuelekea nukta moja, na ikiwa mistari hiyo imelala sawa na sakafu, nukta yake hukaa kwenye upeo wa macho. Upeo huo daima uko kwenye kimo cha jicho: ukisimama unapanda nawe, ukikaa unashuka nawe. Kabla hujawasha kompyuta, chukua penseli na rula uchore maboksi matatu: moja chini ya upeo, la pili linaukata, la tatu liko juu yake. La kwanza ni meza, la pili kabati refu, la tatu rafu ya ukutani. Mkono wako ukishaelewa kwa nini uso wa juu wa meza unaonekana na wa rafu hauonekani, utagundua haraka kompyuta inapokuletea kitu kisichowezekana.

Chukua ofisi ya kawaida. Mteja anataka meza za watu wanne, wawili wakitazamana na wawili, na kizuizi katikati. Uso wa meza uko milimita 730 hadi 750 kutoka sakafuni. Kizuizi kinaweza kuwa na kimo cha 1200 au 1400, na ukichora kutoka juu, vyote viwili vinakuwa mstari uleule. Ila macho ya mtu mzima aliyekaa kwenye kiti cha ofisi yako karibu na milimita 1200. Basi weka kamera, yaani jicho la mtazamaji ndani ya programu, palepale, kwenye kiti cha mfanyakazi mmoja, uielekeze kwa mwenzake. Kizuizi cha 1200 ukingo wake utalala kwenye upeo, na mwenzake ataonekana kuanzia machoni. Kwa kizuizi cha 1400 hataonekana kabisa. Mteja aliyekuwa akibishana na wenzake kuhusu namba sasa anaona anachonunua: ofisi ya watu wanaoonana, au ya watu waliojitenga ili wafanye kazi kwa utulivu.

Baada ya hapo weka kamera ya pili kwenye kimo cha 1600, mlangoni, kwa macho ya anayeingia. Picha mbili hizo zinatosha kwa kazi nyingi. Picha ya kutoka darini wanaoanza wanaipenda kwa sababu inaonyesha kila kitu, lakini hakuna mtu katika ofisi hiyo atakayewahi kuiona meza yake kutoka huko.

Kimo cha kamera kinakupa pia njia ya kujikagua. Kamera ikiwa 1600, kila kitu chenye kimo cha 1600 kitagusa upeo, kiwe karibu au mbali. Kabati la mafaili la droo nne, ambalo huwa karibu na 1320, litaonyesha uso wake wa juu kidogo tu. Kabati la 1800 likikuonyesha uso wa juu, simama: ama kamera imepanda, ama kabati limechorwa fupi. Ukiweka watu waliosimama, macho yao yakae kwenye upeo, wa mbele na wa nyuma vilevile.

Lenzi ndiyo inayoharibu picha nyingi ninazoletewa nizikague. SketchUp huanza na uwazi wa nyuzi 35, yaani pembe ambayo kamera inaiona, AutoCAD na lenzi ya milimita 50, na vyote viwili ni mwanzo mzuri. Chumba kikiwa kidogo, mchoraji hupanua hadi nyuzi 70 au 80 ili samani zote ziingie. Matokeo yake meza ya pembeni inavutika, kiti kinanenepa, na chumba cha mita tatu kinaonekana ukumbi. Mteja atalipia ukumbi huo, kisha siku ya kufunga samani atakuta hawezi kuvuta kiti nyuma. Usimfanyie hivyo. Ficha ukuta ulio nyuma ya kamera, rudi nyuma kupita mahali ukuta ulipokuwa, uache lenzi ilivyo.

Miguu ya meza isimame wima. Kamera na shabaha yake, yaani nukta inayoitazama, zikiwa kwenye kimo kimoja, mistari ya wima hailali. SketchUp ina amri ya Two-Point Perspective kwa ajili hiyo, ila ukizungusha mtazamo inafutika, kwa hiyo iweke mwishoni. Kwenye AutoCAD, ili upate picha yenye kina, andika PERSPECTIVE, weka 1, na uhakikishe hauko kwenye mtindo wa 2D Wireframe, ule wa mistari mitupu, maana huko hutaona mabadiliko.

Jenga meza kama itakavyojengwa karakanani. Bodi zina unene wa milimita 16, 18 au 25, na tofauti hiyo inaonekana wazi ukingoni. Acha nafasi ya milimita 2 au 3 kati ya mbele ya droo na droo, toboa tundu la nyaya la milimita 60, lainisha kingo kwa milimita 1 ili mwanga ushike. Viti pakua vilivyo tayari, lakini pima kimo cha kikalio kwanza: kikiwa nje ya 400 hadi 520, kuna kitu kimeharibika, mara nyingi inchi zimesomwa kama milimita.

Na fundi, awe Keko ya Dar es Salaam au popote, asipime kutoka kwenye picha hii. Andika juu yake kwamba si ya kupimia, umpe karatasi nyingine yenye mbele, ubavu na juu, kwa skeli ya 1:10 au 1:20, na kila kipimo kimeandikwa.

Kila kamera ipe jina uihifadhi: “amekaa, kiti cha kwanza”, “mlangoni, amesimama”. Mteja akirudi kutaka kizuizi kishuke hadi 1100, badilisha modeli, fungua kamera ileile, umtumie picha ya zamani na mpya pamoja.