Barua kwa Mwanangu: Jina la Taytu

Mwanangu mpenzi,

Salamu zako zimefika, na habari za tumbo la miezi saba zimenifurahisha hadi usingizi ukakata. Umeniuliza jambo moja: mtoto akiwa wa kike, mkimwita Taytu, kwa jina la Itege (yaani malkia) Taytu Betul, mke wa Menelik II, mfalme wa Ethiopia, itakuwa heshima kwake au itakuwa kumtonesha kidonda mavyaa wako, maana yeye ni Muoromo wa hukohuko Addis Ababa. Nitalifikia hilo. Kwanza nikwambie maji yalitoka wapi.

Unajua neno langu, na kaka zako wamechoka kulisikia: kabla hujauliza nani alipiga bunduki, uliza maji yalitoka wapi. Watu wakimtaja Taytu hutaja Adwa, vita ambavyo Ethiopia iliwashinda Waitaliano. Mimi hutaja Mekelle, mji wa kaskazini mwa Ethiopia, Januari 1896, wiki chache kabla ya Adwa.

Waitaliano walikuwa wamejifungia katika ngome ya Enda Yesus, juu ya kilima, chini ya Meja Giuseppe Galliano. Walizidi elfu moja, wengi wao Waeritrea walioajiriwa, nao waliitwa askari, neno lilelile tunalolitumia sisi. Majeshi ya Menelik yakazivamia kuta zile mara kadhaa. Anayepanda mlima kuelekea kwenye mizinga hana pa kujificha, na vijana wengi wakaishia chini ya kuta, ngome isitikisike. Sasa, chemchemi ya wale waliokuwa ndani ilikuwa nje, bondeni. Taytu ndiye aliyesema: acheni kuta, shikeni maji. Akatoa watu wa jeshi lake mwenyewe, maana alikuwa na jeshi lake na mizinga yake, wakaikamata chemchemi na kuikalia.

Piga hesabu mwanangu, wewe ndiye mwenye kichwa cha hesabu. Watu 1,200, ukiwapa lita mbili mbili tu kwa siku, ni lita 2,400. Hapo hujapika, hujaosha jeraha, hujapoza mzinga. Na baghala mmoja wa kubeba mizigo hunywa lita 20 na zaidi kwa siku, kwa hiyo baghala mia moja peke yao hunywa lita 2,000 na zaidi, karibu sawa na watu wote hao. Maji ya akiba yakaanza kugawiwa kwa kipimo, kipimo kikapunguzwa, kikapunguzwa tena. Risasi walikuwa nazo. Unga walikuwa nao, ila unga usio na maji haupandi koo. Mwishowe Galliano akakubali kutoka.

Na hapa ndipo panaponiuma hadi leo. Menelik akawaachia. Akawaacha watoke na silaha zao, akawapa na wanyama wa kubebea mizigo! Wale waliofia chini ya kuta hata kuzikwa vizuri hawajazikwa, na waliowaua wanasindikizwa kama wageni. Galliano huyohuyo alirudi kupigana Adwa, akafia huko. Najua utanijibu nini, baba yako alinijibu hivyo miaka yote: Menelik aliwatumia kama ngao, akasogeza jeshi lake lote kuelekea Adwa huku Waitaliano wakishindwa kumpiga njiani kwa kuwaogopea watu wao. Ni kweli. Hata mimi nikiitazama ramani naona alikuwa na akili. Lakini nikiwafikiria wale vijana wa bondeni walioikalia chemchemi, moyo unakataa.

Adwa yenyewe unaijua, 1 Machi 1896, na vikosi vya Baratieri, jenerali wa Waitaliano, kupotezana usiku milimani kwa ramani mbovu. Nitaongeza la mitungi tu. Taytu aliwapanga wanawake wa kambi, maelfu yao, wapeleke maji mpaka mstari wa mbele. Mtungi wa lita 20 una kilo 20 za maji, hujahesabu udongo wake, na mwanamke aliubeba mgongoni kwa kamba akapanda nao mawe huku risasi zinapita. Mpiga bunduki aliyekauka koo tangu alfajiri, jua likifika utosini mikono hutetemeka na shabaha humpotea. Waliokunywa waliendelea kupiga.

Wengine watakwambia mke wa mfalme ni mke tu. Sikubali, na wala si kwa sababu ya vita. Mkataba wa Wuchale wa 1889 kati ya Menelik na Italia, kifungu cha 17: kwa Kiamhari, Menelik anaweza kuitumia serikali ya Italia katika mambo yake na nchi za nje, kwa Kiitaliano, ikasomwa kuwa amekubali kupitia kwao tu. Kitenzi kimoja, na nchi nzima ingekuwa chini ya ulinzi wa watu wengine. Antonelli, mjumbe wa Italia, aliporudi kubembeleza, Taytu ndiye aliyemkatalia usoni, Menelik akiwa bado anatafuta maneno ya upole.

Sasa mavyaa wako. Mwaka 1886, Taytu akiwa Entoto, juu kwenye baridi na upepo, alishuka kwenye chemchemi za moto za Filwoha, akapapenda, akaomba nyumba ijengwe pale, na mahali pakapewa jina la Addis Ababa, Ua Jipya. Historia nyingi huishia hapo kwa furaha. Lakini palikuwa na jina tayari. Waoromo walipaita Finfinne, na walikuwa wakiyajua maji yale kabla yake. Kila mkuu wa jeshi aliyejenga karibu na ikulu alijenga juu ya ardhi iliyokuwa na wenyewe. Siwezi kuuliza maji ya Mekelle yalitoka wapi nikanyamaza yakifika ya Filwoha. Ni mwanamke yuleyule, na jicho lilelile la kuona chemchemi.

Je, la Finfinne linafuta la Mekelle? Hapana. Je, la Mekelle linafunika la Finfinne? Nilikuwa nikisema ndiyo. Siku hizi sisemi.

Mwisho wake unanitia huzuni. Menelik alipopooza, Taytu ndiye aliyeshika mambo, wakubwa wakamchoka, na Machi 1910 wakamwondoa madarakani. Akabaki kumuuguza mumewe mpaka alipofariki Desemba 1913, kisha akapelekwa Entoto, kulekule kwenye baridi alikokuwa amekukimbia, akafia huko Februari 1918. Siku hizi amelala kwenye kanisa la Ba'eta, Addis Ababa, pamoja na Menelik. Hakumzalia mtoto, kwa hiyo jina lake linabebwa na watoto wa watu wengine.

Ningekuwa mimi ningelitoa jina hilo bila... Basi, naishia hapo, mtoto ni wenu. Mchukue mavyaa wako Filwoha, mkae naye, umuulize kwao wanapaitaje pale na nyanya zake waliyatumiaje maji hayo. Umsikilize mpaka amalize, usimkatize kwa haya niliyokuandikia mimi. Jina mkishachagua niandikie, na uzito wa mtoto unitumie siku hiyohiyo atakayozaliwa.

Mama yako