Kuishtaki kampuni ya Depo-Provera

Dada, umeuliza kama kuumwa kichwa baada ya kuchoma Depo (Depo-Provera, sindano ya kuzuia mimba) miaka kadhaa kunatosha kufungua kesi. Peke yake, hapana. Kesi zinazoendelea Marekani dhidi ya Pfizer, kampuni inayoitengeneza, ni za meninjioma, yaani uvimbe kwenye utando unaofunika ubongo. Zilishika kasi baada ya utafiti wa Ufaransa uliotoka mwaka 2024: waliochoma sindano hiyo mwaka mmoja au zaidi walionekana kuwa na hatari mara 5.6 ya kufanyiwa upasuaji wa uvimbe huo. Usishtuke lakini, uvimbe wenyewe ni nadra.

Hoja ya mahakamani si kwamba dawa ina madhara (ipi haina?), bali kwamba kampuni ilijua, au ilipaswa kujua, na haikuonya. Kile kikaratasi kilichokunjwakunjwa ndani ya boksi, ambacho wengi tunakitupa, ndicho mawakili wanachokisoma mstari kwa mstari. Kama onyo limo, una kazi ngumu.

Anza kwa daktari, akiona haja upigwe MRI, yaani kipimo cha picha za ndani ya ubongo. Omba pia nakala ya kadi yenye tarehe za kila sindano. Na usichelewe, muda wa kudai una kikomo.