Muulize Fundi: Mota imekunywa povu

SWALI: Shikamoo fundi. Nina biashara ndogo ya kuosha makapeti hapa Tanga. Juzi tuliosha makapeti ya msikiti kabla ya Ramadhani, mashine yetu ya kuvuta maji machafu ikaanza kutema povu kwenye tundu la kutolea hewa. Tulibakiza safu mbili tu, tukaendelea. Usiku nikaifunika vizuri. Asubuhi ikawaka kwa mlio kama filimbi, na nikichungulia naona cheche. Kijana wangu akaipulizia dawa ya kopo ya kulegeza kutu. Je, mota imekufa?
Mama Makapeti, Tanga

JIBU: Marahaba, mama. Naona bado inaweza kupona, ila usiiwashe tena mpaka ifunguliwe. Na hiyo dawa ya kopo, mwambie kijana asirudie kabisa. Inashika moto, na kaboni za mota, vile vipande vinavyogusa sehemu inayozunguka kuipa umeme, hutoa cheche muda wote zinapofanya kazi. Tena ikifika kwenye beringi inayeyusha grisi.

Tuanze na povu, maana ndilo lililokuletea haya. Ndani ya tanki la maji machafu kuna boya. Maji yakijaa linapanda, linaziba njia ya hewa, mlio wa mota unabadilika, nawe unajua tanki limejaa. Lakini boya hunyanyuliwa na maji. Povu halina nguvu hiyo. Linapita pembeni yake mpaka kwenye feni. Na makapeti yetu mengi yameshaoshwa kwa sabuni ya unga ambayo haikusuuzwa ikaisha. Ukiyatia maji matupu tu, povu linafumka. Kabla ya kuanza kazi, tia dawa ya kuua povu kwenye tanki la maji machafu. Ukiikosa, siki nyeupe kikombe kimoja inasaidia.

Sasa mota yenyewe. Mota za mashine hizi zina sehemu mbili. Chini kuna feni zinazovuta hewa yenye unyevu na kuitoa pembeni. Juu kuna koili za waya, rota inayozunguka na kaboni, zinazopozwa na kifeni chao kwa hewa ya nje. Katikati inakaa beringi ya chini, na sili ya kuzuia maji yasipande. Kwa hiyo unyevu wa kazi ya siku haupaswi kuiua mota. Kilichoiumiza yako, kwa dalili ulizonieleza, ni ule usiku. Uliizima ikiwa imelowa, ukaifunika, maji ya sabuni yakapata saa nane za kutulia kwenye sili na kupenya kidogo kidogo. Beringi ikashika kutu. Shafti inayozunguka zaidi ya mara 20,000 kwa dakika haiwezi kutulia juu ya beringi ya namna hiyo: inatikisika, kaboni zinarukaruka, ndizo cheche ulizoona.

Nimewahi kufungua moja iliyokuwa ikilia hivyohivyo. Grisi ilikuwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa, na nilipoizungusha beringi kwa vidole niliisikia ikikwaruza kama chembe za mchanga kwenye wali. Mwenye mashine alikuwa ameitumia wiki mbili nzima akidhani mlio utaisha wenyewe, na kufikia hapo komyuteta, ile silinda ya shaba inayosuguliwa na kaboni, ilikuwa imeungua pande zote. Iliniuma, kwa sababu angekuja siku ya kwanza tungebadilisha beringi tu.

Fundi wako achomoe plagi, atoe mota, aangalie sehemu ya juu. Akikuta maji kwenye koili, na kama mnaoshea maji ya kisima yenye chumvi, azisuuze kwanza kwa maji safi, maana chumvi ikibaki itaendelea kuvuta unyevu. Kisha aiweke siku mbili kwenye boksi lenye balbu ya wati 60, ile ya zamani inayotoa joto. Oveni hapana. Baada ya hapo apime kwa megga (kipimo cha kuona kama umeme unavuja) ya volti 500 kati ya waya na bodi ya mota. Ikisoma chini ya megaomu 1, isiunganishwe na umeme.

Beringi zibadilishwe zote mbili hata kama inayolia ni moja. Asome namba ubavuni na anunue yenye namba na herufi zilezile. Zipo zinazofanana kwa ukubwa lakini hazihimili kasi hii. Kaboni zikiwa zimebaki chini ya theluthi ya urefu wake, aweke mpya. Komyuteta aisafishe kwa msasa laini wa karatasi, si kwa waya wa kusugulia sufuria, kwani nyuzi zake zinapitisha umeme. Kaboni mpya zinahitaji kuzoea mviringo wa komyuteta: aiunganishe kwa mfululizo, yaani umeme upite mota moja kisha nyingine, na mota ya aina ileile, kila moja ipate nusu ya umeme, zizunguke nusu saa.

Ikishapona, mama, nakuomba jambo moja kila mwisho wa kazi. Mwaga maji machafu, acha mdomo wa bomba wazi, washa mota ivute hewa kavu dakika 5 hadi 10. Halafu ilale mfuniko wa tanki ukiwa wazi, bila turubai. Povu likitoka tena kwenye tundu la hewa, simamisha kazi hapohapo ufanye vivyo hivyo, hata ikibaki safu moja. Lakini ukiona maji yanachuruzika sehemu ya juu ya mota, au breka inakata, chomoa, usiiwashe.

SWALI: Fundi, kifyonza vumbi changu cha nyumbani kimevuta maji yaliyomwagika sakafuni. Nikikiwasha kitajikausha chenyewe?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Hapana, ndugu yangu. Vifyonza vumbi vingi vya nyumbani havina zile sehemu mbili nilizomweleza mama wa Tanga. Hewa inayovutwa ndiyo hiyohiyo inayopita katikati ya koili kuzipoza, kwa hiyo maji yako yameenda moja kwa moja kwenye umeme. Chomoa, tupa mfuko wa vumbi uliolowa, mpelekee fundi akifungue leo.