Faiba fupi inatoa mwanga kidogo kuliko ndefu, inawezekanaje?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nasoma fizikia mwaka wa tatu, niko Dar. Maabara tumepewa faiba (uzi mwembamba wa kioo unaopitisha mwanga) ya singo modi, ile yenye kiini chembamba sana, mita 200 na leza ya nanomita 1310 tupime inapoteza mwanga kiasi gani. Nikapima mwisho wa faiba nikapata maikrowati 212, nikaikata nikabakiza mita 2 upande wa leza, napima tena napata 205! Nimeikata ncha upya mara tatu na kila mara inakuja namba nyingine. Nimebadilisha pawa mita (kipima nguvu ya mwanga), hali ni ileile. Halafu nikiigusa faiba tu namba zinacheza. Nakosea wapi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Mita ni nzima, shida iko kwenye ncha, tena ni shida inayowakuta karibu wote wanaoanza.

Tupige hesabu kwanza. Faiba nzuri kwenye 1310 inapoteza kama desibeli (kipimo cha upotevu wa mwanga) 0.35 kwa kilomita, kwa hiyo mita zako 200 ni 0.07 tu, haifiki hata asilimia 2 ya mwanga. Wewe umepata tofauti ya 0.15 tena imeelekea upande usio wake (fupi ilitakiwa itoe zaidi), manake ncha mbovu imekula mwanga kuliko faiba yenyewe. Mwaka 1970 Maurer, Keck na Schultz wa kampuni ya vioo ya Corning kule Marekani walipofanikiwa kushuka chini ya desibeli 20 kwa kilomita, faiba yao ilikuwa inapoteza kama 17, sa mita 200 za kioo kile zingekupa zaidi ya desibeli 3 na ncha mbovu kidogo isingekusumbua. Kioo cha leo ni safi mno, kwa hiyo omba roli ya kilomita 2 au zaidi kama ipo, hiyo 0.7 utaiona vizuri.

Sasa ncha. Toa ganda la plastiki kwa stripa, kama sentimita 3 hivi, vuta taratibu bila kupinda. Chukua tishu ya maabara isiyoacha manyoya, ilowanishe alkoholi ya isopropili, bana faiba katikati uvute kuelekea nje, kioo kikitakata utakisikia kinalia kwi kwenye tishu, na mimi sikubali ncha ambayo haijalia. Hapo umebaki na kioo cha maikromita 125 ambacho kiini chake kinachopitisha mwanga ni kama 9 tu, kwa hiyo chembe moja ya vumbi inatosha kukiziba chote.

Halafu kliva, kile kifaa cha kukatia faiba. Wengi wanadhani ile blade inakata faiba, hapana, inaichana kidogo tu juu halafu mvuto ndo unaivunja, na ikivunjika vizuri uso unakuwa bapa kama kioo cha dirisha. Blade ikiwa imeisha au faiba haijalala sawa kwenye mfereji wake ncha inabaki na mdomo au imeng'oka pembeni, na mwanga unatawanyika. Ukishakata usiifute tena wala usiiguse popote, iweke chini ya hadubini uitazame kwa ubavu, leza ikiwa imezimwa kabisa kwa sababu mwanga wa 1310 huuoni kwa macho lakini jicho linaweza kuumia vilevile. Uso ukiwa umeinama zaidi ya nyuzi 1, kata tena. Usipime kabla hujaridhika na ncha, hata ikichukua asubuhi nzima.

Vile vipande vinavyobaki weka kwenye chupa yenye kifuniko, vaa miwani, na usile chochote kwenye meza hiyo. Mimi kimoja kiliniingia kidoleni, nilikuwa nakisikia kila nikishika kalamu ila nikitazama sioni kitu.

Kuhusu namba kucheza ukiigusa: faiba ikipindwa kona kali mwanga unavujia nje ya kiini, na ukija kupima kwa leza ya nanomita 1550 utaona inavuja zaidi. Kibaya zaidi ni kuigusa kule inapoingilia leza, ikisogea hata maikromita chache kiasi cha mwanga kinachoingia kinabadilika na kipimo cha kwanza na cha pili havilinganishiki tena. Kwa hiyo zile mita 2 za mwanzo zibandike mezani kwa selotepu kabla hujapima chochote, na usizitikise mpaka umemaliza vipimo vyote viwili.