Fundi Anajibu: "TV imekuwa ya buluu"

SWALI: Shikamoo fundi. Mama yangu anaishi Tanga, ana miaka 76. Hazipiti siku mbili hajanipigia: "Mwanangu, TV imeniharibikia, imekuwa ya buluu." Mimi niko Mwanza. Nimemwandikia maelekezo kwenye karatasi, nikamnunulia na ile rimoti ya vitufe vikubwa inayoendesha TV na king'amuzi. Wapi! Nifanyeje?
Binti wa Mama, Mwanza

JIBU: Marahaba, binti. TV ya mama ni nzima. Ameminya kitufe kilichoandikwa INPUT au SOURCE, TV ikaacha tundu la king'amuzi ikahamia tundu lisilo na kitu. Kwenye rimoti nyingi kitufe hicho kimebanana na cha kuzimia, na mama anaminya kwa kupapasa. Karatasi yako inataka miwani, na miwani iko chumbani. Hiyo rimoti mpya nayo, vitufe vimenenepa lakini havijapungua.

Mama mkwe wangu alinisumbua hivyohivyo. Jioni moja nikakaa pembeni nikamtazama tu, simfundishi kitu. Mpaka taarifa ya habari inaisha alihitaji vitufe vitano: kuwasha, sauti juu na chini, chaneli mbele na nyuma. Na usidhani ni vichache. Rimoti ya Zenith ya Marekani, Space Command ya mwaka 1956, ilikuwa na vinne, tena haikula betri. Ukiminya, kinyundo kinagonga fito ya alumini, TV inasikia mlio ambao sikio letu halinasi. Watu waliangalia TV wakaridhika.

Ukienda likizo, fanya hivi. Toa betri, kagua kama kuna skrubu, kisha pasua rimoti taratibu kwa kadi ngumu kwenye ule mstari wa ubavuni. Ndani utakuta mpira wenye vitufe, na mgongoni mwa kila kitufe kuna kidoti cheusi cha kaboni. Kidoti kikigusa saketi ndipo amri inapokwenda. Basi kata vipande vidogo vya selotepu, ziba vidoti usivyovitaka, rudishia. Mama ataminya INPUT mpaka kidole kichoke, hakuna kitakachotokea. Siku ukibadili mawazo, unabandua.

Kwenye rimoti ya TV mwachie kuwasha na sauti, kwenye ya king'amuzi chaneli peke yake. King'amuzi chenyewe kiache kimewaka. Wengine hupaka rangi ya kucha. Mimi siipendi, kwenye mpira hubanduka.

Akisema rimoti imekufa, jirani aielekeze kwenye kamera ya mbele ya simu na kuminya. Taa ikimeta kwenye kioo, rimoti inatuma. Isipometa, abadili betri kwanza.

Ile ya vitufe vikubwa usiitupe. Ifiche kabatini, king'amuzi kikidai kutafuta chaneli upya utaihitaji.