Gari likimisi, anza na spana namba 10

Juzi kaka mmoja wa Mbeya kaniandikia. Toyota IST yake ikisimama kwenye foleni inatetemeka kama ina homa, mlima haipandi, taa ya injini inawaka, na fundi kampa jibu moja tu: injini imekufa, tafuta nyingine. Sasa anataka nimwelekeze muuzaji mkweli wa injini za mtumba hapa Dar. Nilivyosoma ujumbe ule damu ilinichemka, maana maneno hayohayo nilishaambiwa mimi, na kwa gari la aina hiyohiyo.

Yangu ina injini ya 1NZ, silinda 4, kila silinda na koili yake, kile kifaa kinachoipa plagi umeme wa cheche, iliyokaa juu ya plagi. Mdogo wangu aliliazima wikiendi moja, akalirudisha linang'aa mpaka chini ya boneti. Vijana wa kuosha magari walikuwa wamepiga maji ya presha injini nzima. Kesho yake asubuhi likaanza kumisi, yaani silinda inaruka bila kuchoma petroli yake. Nikalipeleka kwa fundi niliyemwamini miaka mingi. Kwanza akasema nozeli chafu, zile zinazopuliza petroli kwenye injini, zikaoshwa, nikalipa. Likamisi. Akasema pampu ya mafuta, nikanunua, akafunga. Likamisi vilevile. Mwisho akajifuta mikono, akaniambia, "Bosi, hii injini imechoka, tusidanganyane." Siku zote hizo hajawahi kufungua hata lile kava la plastiki lililoandikwa Toyota. Na pampu yangu ya zamani sijarudishiwa mpaka leo.

Basi nikanunua kile kifaa kidogo cha kupima, kinachochomekwa chini ya usukani na kusomeka kwenye simu. Kikaniletea kodi, yaani namba ya hitilafu: P0303. Hapo ndipo penye siri yote: P0301 mpaka P0304, namba ya mwisho ndiyo silinda inayomisi, ukihesabu kuanzia upande wa mikanda. P0300 maana yake inamisi bila mpangilio, leo hii kesho ile. Nikachukua spana namba 10, nikatoa koili ya silinda ya 3 nikaihamishia ya 1, ya 1 nikaiweka ya 3. Nikafuta kodi, nikazunguka mtaa. Ilivyorudi taa nikapima: P0301. Ugonjwa umehama na koili! Nilishangilia mpaka mama mwenye nyumba akachungulia dirishani kuna nini.

Koili yenyewe ukiishika huoni kitu. Lakini ule mpira wake mrefu wa chini, nilipougeuza kwenye mwanga, ulikuwa na mstari mwembamba mweupe kutoka juu hadi chini. Ni njia ya moto: badala ya kushuka kwenye plagi, umeme ulikuwa unatorokea pembeni kwenye chuma. Na ndani ya shimo la plagi kulikuwa na kutu nyekundu, ushahidi kwamba maji yalilala mle. Koili moja na plagi 4 nilizonunua Kariakoo hazikufika hata nusu ya bei ya ile pampu. Gari linatembea hadi leo, na mimi hadi leo nikipita ile gereji napandisha kioo.

Ndugu zangu, tatizo letu tunaogopa kufungua boneti za magari tuliyonunua kwa jasho letu. Mtu anakubali kushusha injini nzima, lakini boliti moja inamtisha! Usinunue spea kabla hujajua nini kimekufa. Hamisha kwanza, uone ugonjwa unahamia wapi. Usinunue, hamisha.

Fanya kazi hii injini ikiwa ya baridi na imezimwa, maana koili inatoa makumi ya maelfu ya volti. Soketi ya waya ina kibano cha plastiki kilichokaushwa na joto. Ukikivuta kwa hasira kinakatika. Plagi irudishe kwa vidole kwanza, hedi, yaani kichwa cha injini inapofungwa, ni ya aluminiamu na nyuzi zake zinaliwa upesi. Na taa ya injini ikiwa inapepesa, usiendelee na safari: petroli isiyoungua inaingia kwenye eksozi na kuunguza masega, kile kisafisha moshi kilicho ndani yake.

Sasa kaka wa Mbeya. Kabla ya koili, uliza kama kuna fundi alikutolea thamostati, ile vali inayozuia maji ya rejeta mpaka injini ipate joto, eti "gari lisichemshe". Mtindo huo umeenea, na kwa baridi ya huko kwenu injini haifiki joto lake. Kompyuta inadhani bado ni asubuhi, inazidi kumwaga petroli, na plagi zinajaa masizi meusi makavu. Ukikuta plagi hivyo zote 4, rudisha thamostati kabla hujalaumu kitu kingine.

Ukishahamisha koili na kodi isihame, hamisha plagi. Isipohama bado, pengine ni nozeli au kompresheni (mgandamizo wa hewa ndani ya silinda), na hapo fundi anahitajika kweli. Mwambie apime kompresheni ya kila silinda mbele yako, uzisome namba mwenyewe. Kama geji hiyo hana, usimruhusu alegeze hata boliti moja ya injini.