Maswali na majibu: Redio Sauti ya Injili, ya Addis au ya Moshi?

Majuma matatu yaliyopita niligusia, kwa mstari mmoja tu, redio ya Kikristo iliyokuwa ikirusha vipindi vya Kiswahili kutoka Addis Ababa, nikaiita redio ya muda mfupi. Nilidhani tunaoikumbuka tumebaki wachache. Kumbe! Barua zimejaa, na nyingine zina hasira kwa kuwa niliipita haraka. Nimechagua maswali manane.

Shikamoo mwandishi. Baba na mjomba wanabishana tangu Pasaka. Baba anasema Sauti ya Injili ilikuwa Addis Ababa. Mjomba anaapa ilikuwa Moshi, na kwamba jengo lake alikuwa akilipita kila siku. Nani mkweli? (Msomaji, Himo)

Marahaba. Wote wawili ni wakweli. Mitambo ya kurushia matangazo ilikuwa Addis Ababa, mali ya Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, lenye makao yake Geneva. Ilizinduliwa tarehe 26 Februari 1963, na Mfalme Haile Selassie mwenyewe alihudhuria. Vipindi vya Kiswahili, lakini, vilitengenezwa Moshi, kwenye studio iliyobeba jina hilohilo la Sauti ya Injili. Baba yako alisikia mtambo, mjomba wako aliona studio.

Mpango ulikuwa hivyo kwa lugha nyingi. Vipindi vya Kimalagasi vilitoka Antsirabe, vya Kifulani vilitoka Ngaoundéré huko Kameruni, vya Kihausa vilitoka Nijeria. Kila lugha ilirekodiwa nyumbani kwa wenyewe, kisha tepu zikapelekwa Addis. Walioamua hivyo mwanzoni walituachia jambo kubwa kuliko walivyojua, na nitalirudia huko chini.

Kwa nini Addis Ababa? Mbona hawakuweka mtambo Nairobi au Dar es Salaam ambako watu wanaongea Kiswahili? (Msomaji, Voi)

Kwa sababu ya kibali. Ruhusa ilipatikana mwaka 1959, wakati Kenya na Tanganyika zote bado ziko chini ya Mwingereza. Na hata baada ya uhuru, redio ilikuwa mkononi mwa serikali, haikuwa kitu cha kuachiwa shirika la dini. Ethiopia ilikuwa na mfalme anayeweza kusema ndiyo, ikawa ndiyo. Tena hawakuwa peke yao mlangoni: wamisionari waliokuwa na redio ya ELWA kule Monrovia nao waliitaka nafasi hiyo, wakaikosa.

Kuna aliyeniandikia kwamba Addis ilichaguliwa kwa sababu ya mwinuko wake. Hapana. Kwa masafa mafupi mlima haukusaidii kufika mbali. Wimbi linapigwa juu, linagonga tabaka la anga, linarudi chini maelfu ya kilomita mbele.

Ndiyo maana sauti ilikuwa ikizama na kupanda kama mtu anayeogelea? (Msomaji huyohuyo, Voi)

Ndiyo maana hasa. Lile tabaka la juu halitulii. Jioni linabadilika, usiku linabadilika tena, na wimbi likifika kwako kwa njia mbili tofauti kwa pamoja, mawimbi hayo mawili yanapokutana yanafutana, sauti inazama. Nyumbani kwetu dawa ilikuwa waya wa shaba kutoka dirishani hadi kwenye mparachichi. Betri zikichoka tulizianika juani kama kahawa, tukapata juma jingine la nyimbo.

Mtambo wenyewe ulikuwa na nguvu ya kutosha. Kulikuwa na miwili ya masafa mafupi, kila mmoja kilowati 100, na mdogo wa masafa ya kati, kilowati moja tu, kwa ajili ya jiji la Addis. Kwa wakaazi wa Addis ile ilikuwa redio ya mtaani kwao. Waliiita kwa Kiamhari Yemisrach Dimts, yaani sauti ya habari njema.

Marehemu mama aliimba kwenye kwaya iliyorekodiwa Moshi. Alikuwa akisimulia vipande vipande tu. Kurekodi kulikuwaje siku hizo? (Msomaji, Arusha)

Pole kwa mama. Mimi nina shangazi aliyerekodi pia, mwishoni mwa miaka ya 60, na kwa kuwa yeye anasimulia mpaka umwambie basi, nitakupa ya kwake.

Walishuka kutoka mlimani asubuhi, wamepanda nyuma ya lori, sare zimefungwa kwenye khanga zisipate vumbi. Walipofika, fundi hakujali sare. Alichofanya kwanza ni kuwavua kinamama bangili, kwa maana bangili hulia. Kisha akawapanga: besi nyuma kabisa, karibu na ukuta, soprano pembeni, na shangazi, mwenye sauti ya kupasua mabati, akasogezwa hatua mbili, halafu mbili nyingine, mpaka akahisi anatolewa nje. Hakukuwa na mashine ya kumpunguza mtu mmoja baadaye. Ukikaa karibu na kipaza sauti, utasikika karibu milele.

Wakaimba. Mtu akakohoa kwenye ubeti wa tatu. Wakarudia. Lori likapita barabarani likibadilisha gia. Wakarudia. Kipande kilichoharibika kidogo fundi alikikata kwa wembe, mshazari, akaunganisha ncha mbili kwa gundi ya ukanda. Shangazi anasema aliona "amina" yao ikianguka sakafuni, mkanda wa kahawia wenye urefu wa kiganja, na akaomba apewe. Akapewa. Aliutumia kama alama kwenye kitabu chake cha nyimbo kwa miaka mingi.

Tepu ya kawaida ya inchi saba ina futi 1,200, na kwa kasi ya inchi saba na nusu kwa sekunde inatosha dakika 32, yaani kipindi cha nusu saa na nafasi ya kupumua. Ikawekwa kwenye boksi, ikaandikwa tarehe ya kutangazwa, ikasafiri karibu kilomita 1,400 kuelekea kaskazini. Safari hiyo ilimaanisha lazima wawahi. Nyimbo za Pasaka zilirekodiwa Kwaresima bado changa. Shangazi hilo lilimsumbua sana. Kuimba kwamba kaburi ni tupu, na Ijumaa Kuu haijafika! Alikwenda kumuuliza mchungaji kama ni dhambi. Mchungaji akacheka, akamwambia Mungu hana kalenda ya redio.

Ilikuwa nyimbo na mahubiri mwanzo mwisho? Bibi anasema alijifunza humo kuchemsha maji ya mtoto. (Msomaji, Bukoba)

Bibi yuko sahihi. Kanuni yao, iliyojulikana sana, ilikuwa asilimia 30 kwa mahubiri na ibada, asilimia 70 kwa mengine: afya, kilimo, malezi, habari, muziki. Habari ziliandaliwa Addis kwenyewe, maana habari haiwezi kusubiri ndege ya tepu, na chumba chao cha habari kiliheshimika.

Kulikuwa na walioona asilimia 30 ni kidogo mno kwa redio yenye jina la injili. Mimi naona ile 70 ndiyo iliyomfanya jirani yetu Mwislamu avute kiti. Alikuja kusikiliza kilimo, akabaki kwenye kwaya, na baadhi ya nyimbo alizijua kuliko sisi tuliokuwa tukizisinzilia kanisani.

Ilikufaje? Mimi nilikuwa darasa la nne, siku moja tulifungua redio, hakuna. (Msomaji, Taveta)

Jumamosi, tarehe 12 Machi 1977.

Turudi nyuma kidogo. Haile Selassie aliangushwa tarehe 12 Septemba 1974, na wanajeshi wa Derg wakashika nchi. Aliyetoa kibali akawa hayupo. Kwa miaka miwili na nusu redio iliendelea kutangaza katika nchi iliyokuwa ikitaifisha mabenki, viwanda, mashamba na nyumba za watu. Februari 1977 Mengistu Haile Mariam akawamaliza wenzake waliokuwa wakimpinga, akakaa peke yake juu. Majuma matano baadaye ikafika zamu ya redio. Serikali iliitaifisha, na jina likawa Sauti ya Ethiopia ya Kimapinduzi. Mitambo ileile, nyaya zilezile, maneno mengine.

Kwa nini waliitaka? Jiulize mwenyewe: serikali yenye vita ndani na vita vya Ogaden, dhidi ya Somalia, vikinukia mpakani, na pale jijini kuna kilowati 200 za masafa mafupi zinazosikika Afrika na Asia, mali ya kanisa la kigeni. Mwezi uliofuata waliwafukuza Wamarekani waliokuwa na kituo cha mawasiliano cha Kagnew, Asmara. Hawakuwa wakichagua dini, walikuwa wakikusanya mawasiliano. Ila kanisa nalo lilionja: Gudina Tumsa, katibu mkuu wa Kanisa la Mekane Yesus, la Kilutheri huko Ethiopia, alitekwa Addis Julai 1979, akauawa.

Kwa wewe wa Taveta nadhani ilikuuma mara mbili. Tarehe 4 Februari mwaka huohuo Tanzania ilikuwa imefunga mpaka wake na Kenya. Himo na Taveta, ambako watu walikuwa wakiuziana ndizi na nyanya, zikawa nchi mbili kwelikweli. Sauti ya Injili ilikuwa bado inavuka bila pasi. Ilivuka kwa majuma matano.

Na kuna kitu ambacho hata mtunzi wa tamthilia angeona amezidisha. Juni 1977, miezi mitatu tu baada ya mitambo kuchukuliwa, wenye mitambo hiyo walifanya mkutano wao mkuu wa dunia. Wapi? Dar es Salaam. Humo ndimo askofu wa Bukoba, Josiah Kibira, alipochaguliwa kuwa rais wa Fungamano, Mwafrika wa kwanza kushika kiti hicho. Akakabidhiwa shirika lililokuwa limetoka kupoteza sauti yake.

Mbona unaiita redio ya muda mfupi? Miaka 14 si haba. (Msomaji, Muscat)

Kwa mtu si haba. Kwa mitambo mikubwa vile, iliyojengwa kwa michango ya washarika wa Ulaya na Marekani, miaka hiyo ni mifupi. ELWA ya Monrovia ilianza 1954 na ikadumu hadi vita vya Liberia vilipoiharibu mwaka 1990. FEBA ya Ushelisheli, redio nyingine ya Kikristo ambayo huko Ghuba labda uliisikia, ilianza 1970 ikaenda hadi 2003.

Lakini nilichoahidi kurudia ni hiki: waliotaifisha walipata mitambo, hawakupata studio. Moshi haikuwa Ethiopia. Siku ya Jumatatu, tarehe 14 Machi, meza ya wembe na gundi ilikuwa palepale, kwaya zipo, mafundi wapo. Kilichokosekana ni pa kupeleka tepu. Na sheria ya mwaka 1993 ilipofungua anga la Tanzania kwa redio binafsi, Moshi walikuwa na kila kitu isipokuwa mnara. Wakaupata, na leo Redio Sauti ya Injili ya KKKT, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, iko hewani kwa FM. Mjomba wa Himo anaweza kuendelea kuapa.

Babu ameacha boksi la tepu za rili, moja imeandikwa "kwaya" na "Addis". Naweza kuzisikiliza wapi? (Msomaji, Machame)

Kwanza, usizisikilize. Najua umeshika kinasa sauti cha zamani mkononi, kiweke chini. Tepu ya umri huo inaweza kuwa imeota ukungu au imenata, na ukiizungusha kwa kasi, sauti yenyewe inabanduka kama rangi ya ukuta. Mwaka fulani nilimpa fundi mmoja mjini tepu ya mzee jirani, akairudisha nyuma mbiombio kuonyesha mashine yake inafanya kazi. Tulipata dakika nne za kwaya na unga wa kahawia mezani.

Zisimamishe wima, ndani ya maboksi yake, mbali na spika (zina sumaku), mbali na jiko na jua. Piga picha kila kilichoandikwa juu ya boksi, hata namba usiyoielewa, kwa sababu hiyo inaweza kuwa tarehe ya kutangazwa. Halafu tafuta anayenakili tepu kwenda kwenye kompyuta, si anayetengeneza redio. Waulize Sauti ya Injili, Moshi, wanamjua nani wa kazi hiyo. Tepu zilikuwa ghali, na studio nyingi za enzi hizo zilifuta za zamani ili zirekodi mpya, kwa hiyo nakala ya babu yako inaweza kuwa haina ndugu.

Na ikishanakiliwa, niandikie. Shangazi yuko hai, ana miaka 81, na bado hajawahi kujisikia akiimba.